Ini Likilemewa: Maneno ya Kando ya Kitanda

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uuguzi hapa Bukavu. Nimeomba nafasi katika jarida la kitivo cha lugha kwa sababu jambo ninalotaka kulieleza limenifundisha uuguzi na lugha kwa pamoja, na hadi leo siwezi kuvitenganisha. Sisi tunasoma kwa Kifaransa na tunauguza kwa Kiswahili. Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema Kifaransa ndicho lugha rasmi, na Kiswahili ni lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Katika ukumbi wa mihadhara mgawanyo huo hausumbui mtu. Katika wodi, mpaka kati ya lugha hizo mbili unapita katikati ya kitanda: upande mmoja daktari na faili, upande wa pili mgonjwa na ndugu zake. Mwanafunzi wa stashi husimama papo hapo katikati, na mara nyingi yeye ndiye anayeambiwa: «Waeleze.»

Kueleza malaria si kazi. Kueleza mfupa uliovunjika si kazi. Ugonjwa ulionipa shida kuliko yote ni ule ambao vitabu vyetu vinauita «insuffisance hépatique», yaani ini lisiloweza tena kazi yake. Nilikuwa nimeusoma, nimeufanyia mtihani na kupata alama nzuri. Lakini niliuelewa siku nilipolazimika kuusema kwa maneno ambayo mama muuza samaki wa soko la Kadutu angeyakubali.

Tuanze na kiungo chenyewe. Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo 1,5, na linakaa upande wa kulia chini ya mbavu. Kila dakika linapitiwa na karibu lita 1,5 za damu, na robo tatu ya damu hiyo haitoki moyoni moja kwa moja: inatoka matumboni, ikibeba kila kilicholiwa na kunywewa. Ini linaipokea kama mtu wa forodha anavyopokea mizigo bandarini. Sukari iliyozidi linaiweka akiba, na mtu akilala njaa linaitoa kidogo kidogo. Linatengeneza albumini, protini inayozuia maji ya damu yasivuje nje ya mishipa. Linatengeneza vitu vinavyogandisha damu mtu anapojikata. Linachukua bilirubini, uchafu wa njano unaotokana na chembe nyekundu za damu zilizozeeka, na kuitoa kupitia nyongo. Linachukua amonia inayotoka utumboni na kuigeuza kuwa urea ili figo iitoe katika mkojo. Dawa nyingi tunazompa mgonjwa, pamoja na pombe anayokunywa, zinavunjwavunjwa humo.

Wasomaji wa kitivo hiki wanajua kwamba Waswahili wa pwani walilipa ini heshima yake zamani. Mtu aliyeumizwa sana moyoni husemwa amekatwa maini. Shughuli iliyoharibika husemwa imetumbukia nyongo. Nilipokuwa nikisoma jinsi nyongo inavyorudi katika damu njia yake ikizibwa, au ini likishindwa kuisukuma, nilicheka peke yangu maktabani: msemo ule unaeleza ugonjwa wenyewe karibu neno kwa neno. Kwetu Bukavu misemo hiyo haisikiki sana. Sisi tunasema «ini yake» au «maini yake inauma», na mara nyingi tunaonyesha tumbo lote. Ndiyo maana mtu akisema «maini», muuguzi anatakiwa kwanza kuuliza mkono uko wapi.

Jambo la kwanza nililolielewa ni kwamba kila dalili ya ugonjwa huu ni kazi moja iliyoachwa bila mfanyakazi. Ukiijua kazi, huhitaji kukariri dalili. Bilirubini haitolewi: macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai isiyo na maziwa. Manjano hiyo huanza kuonekana katika weupe wa jicho bilirubini inapofika karibu miligramu 2 hadi 3 katika desilita moja ya damu, na inaonekana vizuri kwenye mwanga wa dirisha, si chini ya balbu ya usiku. Albumini inapungua, na presha ya damu ndani ya mshipa unaoingia ini inapanda: miguu inavimba na tumbo linajaa maji. Vigandishi vya damu vinapungua: fizi zinatoka damu mtu anapopiga mswaki, sindano ndogo inaacha doa kubwa jeusi. Damu ikikosa njia ndani ya ini lililokakamaa, inatafuta vijia vya pembeni kupitia mishipa ya umio, na mishipa hiyo ikipasuka mtu anatapika damu nyingi kwa ghafla. Amonia na sumu nyingine haziondolewi: zinafika kwenye ubongo, na akili ya mtu inaanza kuchafuka.

Jambo la pili ni kwamba kuna kushindwa kwa haraka na kushindwa kwa polepole, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Kwa haraka, mtu ambaye hakuwa na ugonjwa wa ini anaharibika katika siku au wiki chache: manjano, damu isiyoganda, akili kupotea. Parasetamoli iliyozidi sana inaweza kufanya hivyo, na mtu mzima hatakiwi kupita gramu 4 kwa siku. Virusi vya homa ya ini vinaweza. Uyoga fulani wa porini unaweza. Ukungu wa mahindi au karanga zilizohifadhiwa katika unyevu unaweza, kwa sababu ya sumu yake iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 huko mashariki ya Kenya mahindi yenye ukungu yaliwapata watu 317, na 125 kati yao wakafa. Kwa polepole ni hadithi nyingine. Ini linaumizwa kidogo kidogo kwa miaka, na virusi au na pombe, na kila jeraha linaacha kovu. Makovu yakijaa, ini linakuwa gumu na lenye vinundu. Hiyo ndiyo sirosi. Mtu anaweza kuishi nayo muda mrefu akilima na kufanya biashara bila kujua lolote. Halafu siku moja kitu kidogo kinakuja juu yake, maambukizi, damu iliyovuja tumboni, wiki ya pombe, na kila kitu kinaanguka pamoja.

Mgonjwa niliyemfuata mimi alikuwa wa aina hii ya pili. Alikuwa baba wa miaka kama arobaini na mitano, mchukuzi wa mbao, mwenye mikono migumu na tumbo lililojaa maji. Siandiki jina lake wala la hospitali. Alikuja na mke wake, kaka yake mkubwa na shemeji wawili. Alikuwa «muzima juzi tu», walisema wote. Wiki mbili kabla alikuwa amekwenda kwenye kilio kijijini, akanywa kasiksi iliyomiminwa na mke wa mdogo wake. Siku chache baadaye macho yakawa ya manjano. Kabla ya kufika kwetu familia ilikuwa imekwisha kufunga hesabu: mtu amepewa karuho. Msomaji wa Bukavu hahitaji maelezo. Kwa msomaji wa mbali, hilo ndilo jina tunalolitumia huku kwa sumu inayodaiwa kutiwa kisirisiri katika kinywaji au chakula. Na neno hilo halisemwi peke yake; daima lina mtu nyuma yake. Hapa mtu alikuwa yule mama aliyemimina kasiksi. Tangu siku ile hakuruhusiwa kuingia katika ua wa shemeji zake.

Daktari alimpima, akamfanyia ekografia, akaandika kwa Kifaransa. Mwenzangu mmoja akawaambia ndugu: «Ini yake imeshindwa.» Tafsiri hiyo ni sahihi. Hata redio na magazeti ya Tanzania husema ini kushindwa kufanya kazi, na Kenya wengine husema kufeli. Kaka mkubwa akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Kama imeshindwa, basi tumurudishe nyumbani.»

Nilisimama pale nikiwa na kipimajoto mkononi, nikaelewa kwamba neno limefanya kazi ambayo hakuna aliyelituma kuifanya. Katika Kiswahili chetu kushindwa ni mwisho wa mchezo. Timu iliyoshindwa inakwenda nyumbani. Daktari akisema «tumeshindwa», familia inatafuta gari la kubeba maiti. Neno la Kifaransa halisemi hivyo: linasema kazi haitoshi, na kisichotosha kinaweza kuongezwa au kusaidiwa. Kumbe mgonjwa wetu wakati ule alikuwa na mengi ya kufanyiwa. Alikuwa na maji ya kupunguzwa, maambukizi ya kutibiwa, utumbo wa kusafishwa, chakula cha kupewa. Kumrudisha nyumbani siku ile kulikuwa kumwua.

Muuguzi mkuu wa zamu, mama mwenye miaka mingi kazini, aliniambia nikae nao chini niwaeleze upya kwa lugha yao. Nilikuwa nimewasikia wenzangu wakitumia neno «limechoka». Ni neno laini, na mgonjwa halikatai. Lakini kilichochoka kinapumzishwa, na kesho kinaamka. Familia iliyoambiwa ini limechoka itamlaza mgonjwa, itampa supu na kungoja, wakati yeye anahitaji dawa kila saa. Wengine husema «limeoza», na hilo sitalisema mbele ya mtu yeyote anayepumua. Wengine husema «limekauka», ambalo linakaribia ukweli wa sirosi, lakini mke angeuliza: limekaukaje na tumbo limejaa maji namna hii?

Nikaliacha jina, nikaanza na kazi. Nilimwambia kaka: «Papa, ini ni kama mchukuzi wa ndani ya mwili. Kila chakula, kila kinywaji, kila dawa inapita mgongoni mwake.» Yeye mwenyewe alikuwa mchukuzi ujanani, kama mdogo wake. Watu wa Bukavu wanaijua kazi hiyo: tunawaona kina mama wakipanda kutoka ziwani na magunia yaliyofungwa kwa kamba kwenye paji la uso. Nikamwambia: «Ini la ndugu yetu limebeba mzigo miaka mingi na majeraha mgongoni. Lilikuwa linabeba, ninyi mkamwona mzima. Sasa limelemewa.» Akauliza: «Likilemewa, wanalitua?» Nikajibu: «Hatuwezi kulitoa jeraha. Mzigo tunaweza kuupunguza.»

Kulemewa ndilo neno ninalotaka kulitetea mbele ya kitivo hiki. Wanaonisoma watakumbuka kwamba madaktari wanaigawa sirosi katika hali mbili: ile ambayo ini bado linafidia upungufu wake, na ile ambayo haliwezi tena kufidia. Katika Kifaransa maneno hayo mawili yanatofautiana kwa kiambishi tu, na mwanafunzi anayakariri. Kwa Kiswahili tuna «linabeba» na «limelemewa», na mchukuzi yeyote wa mbao anajua tofauti yake mgongoni mwake. Neno hilo lina daraja, kwa kuwa mtu anaweza kulemewa kidogo au sana. Lina njia ya msaada pia, yaani kupunguza mzigo. Na halidanganyi, kwani aliyelemewa anaweza kuanguka asiinuke. Pale ambapo hakuna njia tena, tuseme «limeshindwa», nalo litabaki na ukweli wake kwa sababu hatukulitumia mapema.

Lakini swali la karuho lilikuwa bado limekaa katikati yetu, na sikuweza kulipita. Ilikuwa rahisi kusema «hayo ni mambo ya kijiji». Nisingekuwa mkweli, maana zipo sumu zinazoua ini, na nimezitaja hapo juu. Mtu anayewaambia ndugu kwamba sumu haiwezi kugusa ini hajasoma. Nilichoweza kuwapa ni wakati. Nilimwomba daktari ruhusa, akaja mwenyewe, nikatafsiri. Picha ya ekografia ilionyesha ini dogo, gumu, lenye vinundu, na wengu lililovimba. Nikawaambia: «Kovu halitoki kwa siku 10. Mtu akijikata leo, kesho kuna kidonda, hakuna kovu. Ini hili lina makovu ya miaka. Kilichomlaza kilikuwa ndani yake kabla ya kilio, kabla ya kasiksi, pengine kabla hajamwoa mama huyu.» Pombe ya kilio ingeweza kuongeza mzigo juu ya mgongo uliojeruhiwa. Haikuuleta ugonjwa, na mkono uliomimina haukuwa na hatia zaidi ya mikono mingine iliyomimina siku ile.

Kipimo cha damu kilionyesha virusi vya homa ya ini B. Hapo ndipo nilipoona kwa nini jina baya la ugonjwa ni hatari kuliko kukosa jina. Ikiwa ni karuho, mgonjwa ni mmoja na adui ni mmoja; wengine wote katika nyumba ni wazima. Ikiwa ni virusi, swali linahamia kwa mke na watoto. Virusi hivyo vinapita katika damu, katika tendo la ndoa, na hasa kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Mtoto anayeambukizwa katika mwaka wa kwanza ana uwezekano wa karibu asilimia 90 wa kubaki navyo maisha yote. Kwa mtu mzima ni chini ya asilimia 5. Ni ugonjwa ambao mtu huupokea akiwa mchanga na kuulipia akiwa na miaka arobaini. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani waliishi na homa ya ini B, na milioni 1,1 walikufa kwa ajili yake. Chanjo ipo, na shirika hilo linashauri dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Familia inayotafuta mlozi haitatafuta chanjo. Mke alipimwa, watoto walipimwa. Majibu yao ni yao, siyaandiki.

Sasa nieleze kuhusu akili ya mgonjwa, kwa sababu hapo ndipo nyinyi wa lugha mngekuwa na kazi nyingi kuliko sisi. Amonia ikipanda ubongoni, mtu habadiliki kwa mshindo. Kwanza usingizi unageuka: analala mchana, anakesha usiku. Anakuwa mkali au mcheshi kuliko kawaida yake. Halafu anasahau siku, mikono ikinyooshwa mbele inapigapiga kama mabawa ya ndege, maneno yanakuwa mazito. Mwisho anazama katika koma. Tunaipima hali hiyo kwa madaraja 4, na kati ya la 1 na la 2 karibu kila kitu kinapimwa kwa maneno: unaitwa nani, uko wapi, leo ni siku gani, toa 7 kwenye 100.

Asubuhi ya siku ya tatu mgonjwa wetu aliulizwa kwa Kifaransa leo ni siku gani. Hakujibu. Katika faili kungeandikwa kwamba amechanganyikiwa. Mke alikuwa pale, nikamwomba: «Mama, muulize kwa Mashi.» Akamwuliza, naye akajibu sawasawa, akaongeza na siku ya soko la kwao. Hakuwa amechanganyikiwa. Hakuwa na Kifaransa cha kutosha, nasi tulikaribia kuuhesabu upungufu huo kama ugonjwa wa ubongo. Siku ya tano mambo yaligeuka. Aliulizwa kwa Mashi, akajibu kwa Kiswahili, nusu sentensi, akamwita mke wake kwa jina la dada yake. Safari hii ilikuwa ini. Tusingeweza kuitambua tofauti ile kama hatungejua alivyosema siku ya tatu katika lugha ya mama yake.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji mashine. Mgonjwa anaandika jina lake kila asubuhi kwenye karatasi ileile, au anachora nyota. Siku ya kwanza herufi zake zilikuwa kubwa na zilizonyooka, za mtu aliyefika darasa la sita. Siku ya tano mstari ulikuwa umeanguka na herufi mbili za mwisho hazipo. Nimeitunza katika kichwa changu karatasi ile kuliko jedwali lolote la kitabu.

Matibabu ya hali hii yana jambo linalohitaji ulimi kuliko mikono. Tunatoa laktulosi, sharubati tamu inayolainisha choo na kuifunga amonia utumboni. Lengo ni choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Usipoeleza, ndugu wataona mgonjwa dhaifu akipelekwa msalani mara kwa mara na watasema dawa inamharisha, kisha wataificha chini ya mto. Nilimwambia mke: «Dawa hii kazi yake ni kutoa sumu kwa njia ya choo. Asipokwenda msalani leo, uniite.» Kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa akitupa hesabu. Vilevile chakula. Zamani walifundisha kumnyima mgonjwa kama huyu nyama, mayai na maharagwe ili amonia isipande. Leo tunafundishwa kwamba kumnyima protini kunamla misuli na kumdhoofisha zaidi. Anahitaji karibu gramu 1,2 hadi 1,5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, katika milo midogo, na kitu cha kula kabla ya kulala. Mke akafurahi kusikia kwamba maharagwe yanaruhusiwa.

Mengine ni kazi ya kila siku ya muuguzi: kupima uzito asubuhi, kupima mzunguko wa tumbo mahali palepale palipowekwa alama ya kalamu, kutazama rangi ya choo kwa sababu choo cheusi kama lami ni damu, kubana kwa muda mrefu mahali pa sindano, kupima sukari, kukataa dawa za usingizi na zile za maumivu zinazoumiza figo, kuwaomba ndugu wasilete majani ya kienyeji bila kusema ni majani gani.

Alikaa nasi siku 17. Maji yalipungua, akili ilirudi siku ya nane, akaandika jina lake lote. Kisha mishipa ya umio ilipasuka usiku mmoja, na asubuhi kitanda kilikuwa kitupu. Sikuwa zamu. Muuguzi mkuu aliniambia kaka alikuwa pale, na kwamba katika siku zile tisa za mwisho mgonjwa alizungumza na watoto wake wote, akagawa deni na mbao zake kwa akili timamu. Kama angerudishwa nyumbani siku ya kwanza, asingezipata.

Nilikwenda kwenye kilio siku ya pili, nikakaa pembeni na kina mama. Yule shemeji aliyekuwa amezuiwa alikuwa ndani ya ua, akisonga ugali katika sufuria kubwa. Hakuna aliyemsogelea sana, lakini hakuna aliyemfukuza. Jirani mmoja alianza kunong'ona habari ya karuho, na kaka mkubwa akamkatiza: «Hapana. Ini ilikuwa na makovu ya miaka. Ililemewa.» Sijui kama kijiji chote kimeamini. Najua kwamba mtu mmoja mwenye sauti alikuwa na neno la kujibu nalo.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja kwa wanafunzi na wahadhiri wa kitivo hiki. Msitutengenezee istilahi ndefu za kuweka katika kamusi. Njooni wodini na daftari, msikilize ndugu wa wagonjwa wanaitaje kazi ya ini, ya figo, ya moyo, kwa Kiswahili cha hapa, kwa Mashi, kwa Kilega, kwa Kifuliiru. Chagueni pamoja nasi vitenzi vinavyosema ukweli bila kumzika mtu aliye hai. Kisha vitenzi hivyo vifundishwe katika masomo ya uuguzi, mwaka wa kwanza, somo lilelile la ini, kabla mwanafunzi hajakabidhiwa kipimajoto na kuambiwa: «Waeleze.»